Kwa nini mgongo wa Mlima Meru unateleza zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda?

#1 Kisongo Juu
Wakuu habari. Naomba wenye uzoefu na Meru wanisaidie jambo moja linalonikera.

Tulipanda na marafiki zangu wa chuo mwezi wa kumi na mbili, vuli ikiwa bado haijakata. Tulitoka Saddle Hut, kibanda cha mwisho cha kulala kabla ya kilele, saa saba na nusu usiku, manyunyu yanatupiga usoni, kila mtu na tochi yake kichwani. Tukapita Rhino Point, kituo cha njiani juu ya kibanda, tukavuka ule mwamba mtupu ulioinama unaofuata, mikono na miguu, hakuna aliyeteleza hata kidogo. Tukafika kileleni tukiwa tumelowa lakini salama.

Kurudi sasa. Imeshafika saa nne asubuhi, mvua imekatika, kila kitu kinaonekana. Watu walewale, viatu vilevile, mwamba uleule. Kati yetu sita, wanne walianguka pale. Mmoja aliserereka mpaka begi lake likanasa kwenye ncha ya jiwe, ndiyo pona yake. Mwingine aliamua kushuka kwa makalio, suruali ikatoboka yote nyuma.

Mwongoza njia wetu alisema ni kawaida, kushuka ndivyo kulivyo. Mimi sijaridhika na jibu hilo. Jiwe halina upande wa kupandia na upande wa kushukia. Nini hasa kinabadilika? Nawasilisha.

#2 Mzigo Mwepesi
Nimekaa siti ya mbele, waje wajuzi.

#3 Mlinda Njia
Mkuu, nimebeba mizigo mlima huo tangu ujana wangu, na jibu ni majivu.

Meru ni volkano. Kuanzia Rhino Point mpaka Cobra Point, ambako ni kama mita 4,350, sehemu kubwa mnakanyaga majivu na changarawe laini. Yakiwa makavu ni vumbi tu. Yakilowa yanashikana na kujaa kwenye meno ya soli mpaka buti linakuwa tambarare chini. Kwenda, mnafika kwenye ule mwamba na soli ambazo bado zina meno. Kurudi, mmetoka kwenye majivu muda mrefu, mnakanyaga jiwe lililolowa na tope katikati ya mpira na jiwe. Hapo hata mbuzi angeanguka.

Kabla ya kuvuka mwamba ule, simama. Piga buti kwenye jiwe mara kadhaa, chukua ncha ya fimbo uchokonoe tope lote hasa kwenye kisigino, maana kushuka unatangulia na kisigino. Wapagazi wa zamani wote wanafanya hivyo, wageni wanadhani tunapumzika.

#4 Dada Mabuti
Mlinda Njia umesema vizuri ila na soli zenyewe tuziangalie. Mimi nauza mabuti ya mlimani ya mtumba, nachagua mzigo Memorial pale Moshi, kwa hiyo kila siku nashika viatu vya namna hii.

Mpira wa soli unazeeka hata kama kiatu hakijavaliwa. Unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki jiwe lililolowa. Mteja anaangalia meno ya soli, anaona bado marefu, anafurahi. Meno marefu hayana maana kama mpira umekufa. Bonyeza kwa ukucha: ukiacha alama inayorudi taratibu, bado mzima. Ukucha ukiteleza tu bila kuacha alama, kiatu hicho kavae barabarani.

Kuna ubaya mwingine mkubwa zaidi. Mabuti mengi yana tabaka la povu gumu kati ya ngozi na soli. Tabaka hilo linaharibiwa na unyevu wa hewa polepole, hata kiatu kikiwa kabatini Ulaya miaka kumi. Ukilikunja buti utaona ufa mwembamba pembeni, na ukikwaruza unatoka unga unga. Hilo likipanda mlima kwenye mvua, soli inabanduka nzima. Nimeona mtu ameshuka mpaka kibanda cha Miriakamba na soli aliyoifunga kwa kamba ya hema.

#5 Kisongo Juu
Dada asante kwa elimu, hiyo ya ukucha nimeiweka akilini. Lakini wawili kati ya walioanguka walikuwa na mabuti mapya kabisa ya dukani. Na swali langu bado liko palepale: soli hizohizo zilipanda bila shida.

#6 Ukungu wa Asubuhi
Jibu ni barafu. Juu huko usiku maji yanaganda, unapata utando mwembamba juu ya jiwe ambao huuoni kwa macho. Unadhani jiwe limelowa kumbe lina kioo.

#7 Fundi Saa
#6 hapana mkuu. Kama ni barafu, ingewaangusha wakati wa kupanda saa tisa usiku, siyo kurudi saa nne jua limeshachomoza.

Halafu hesabu haikubali. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Arusha mjini ni kama mita 1,400, usiku wa Desemba tuseme nyuzi 16. Rhino Point iko karibu mita 3,800, kwa hiyo unabaki na nyuzi moja au mbili juu ya sifuri. Kileleni ndiko unashuka chini ya sifuri. Barafu ikae kilele, siyo kwenye mwamba anaousema mleta mada.

#8 Ukungu wa Asubuhi
Hesabu ya kwenye karatasi hiyo. Usiku ukiwa mweupe na upepo ukipiga, jiwe linapoa kuliko hewa yenyewe. Nimekuta barafu kwenye kivuli Saddle Hut asubuhi, na Saddle iko mita 3,570, chini ya Rhino.

#9 Fundi Saa
Usiku mweupe, sawa, nakukubalia. Yeye kasema manyunyu. Mawingu yakifunika, jiwe halipoi namna hiyo.

#10 Mganga wa Kata
Habari za leo wanajukwaa. Mimi ni tabibu, nimepanda Meru na kundi la wafanyakazi wenzangu. Naona mnaliangalia jiwe na kiatu, mwili mnausahau.

Kupanda, misuli ya paja inajikunja kukusukuma juu. Kushuka, misuli hiyohiyo inarefuka huku inabeba uzito, inafanya kazi ya breki. Kazi hiyo ndiyo inayoichana zaidi, na ndiyo maana kesho yake unashuka ngazi ukilia. Baada ya saa nane au tisa za kutembea usiku, mguu hauwezi tena kukushusha polepole. Unadondoka juu ya mguu wa mbele badala ya kuuweka. Juu ya jiwe kavu utasamehewa. Juu ya jiwe lililolowa mguu unakimbia.

Na kuna jambo la kuliogopa kweli. Ukiona mwenzio anayumba, anaongea ovyo, anashindwa kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, usiseme amechoka tu. Huenda ubongo unavimba kwa sababu ya mwinuko. Dawa ya kwanza ni kushuka, hapohapo, na mtu wa kumshika. Haitokei mara nyingi kwenye mita 4,500, ila inatokea, na kwenye mgongo mwembamba kama ule kuyumba mara moja kunatosha.

#11 Kisongo Juu
Tabibu, hakuna aliyekuwa na dalili hizo, tulikuwa tunaongea na kucheka. Uchovu nakubali. Lakini aliyeanguka vibaya kuliko wote ndiye anayecheza mpira kila jioni, na asiyeanguka kabisa ni binti ambaye hana mazoezi yoyote.

#12 Shangazi wa Usa
Huyo binti alishukaje? Hapo ndipo pa kuanzia.

#13 Kisongo Juu
Shangazi, aligeukia mwamba. Alishuka kinyumenyume, kifua kwenye jiwe.

#14 Shangazi wa Usa
Basi jibu unalo wanangu. Nyie mliangalia bonde.

Usiku mlipanda mkiona duara la tochi tu, hatua moja mbele. Mgongo ule kushoto na kulia kuna nini hamkujua. Asubuhi mnarudi, mwanga umejaa, mnaona ule ukuta wa ndani wa kreta unaofikia mita 1,500 chini yenu, na Ash Cone, kile kilima cha majivu, imekaa kule chini kabisa. Mwili unaogopa wenyewe bila kukuuliza. Mtu akiogopa anaegemea nyuma, anataka kukaa. Ukiegemea nyuma uzito wote unahamia kisiginoni na mguu unasukumwa mbele badala ya chini. Hapo lazima uteleze hata kwa kiatu cha laki tano.

Nimewapeleka vijana wa kanisa letu huko. Yule anayesimama wima juu ya miguu yake hapati shida, na pale penye mwinuko mkali anageuka kama anayeshuka ngazi ya darini: mikono miwili na mguu mmoja vimeshika, mguu mmoja ndio unatafuta. Sehemu tatu mwambani, moja inatembea. Wakati wa kupanda mnafanya hivyo bila kufundishwa kwa sababu mwamba uko mbele ya uso wenu.

#15 Mzigo Mwepesi
Shangazi umemaliza, mod funga uzi.

#16 Mswahili wa Glasgow
Usifungwe bado. Salamu kutoka Uskoti, huku mvua ndiyo hali ya hewa yenyewe, na nina kundi la marafiki tunapanda migongo ya milima karibu kila mwezi.

Kisiwa cha Skye kuna safu inaitwa Cuillin. Kilele chake kirefu ni mita 992 tu, msicheke, mgongo wake ni wembe. Sehemu kubwa ni gabro, jiwe la punje kubwa zinazokwaruza vidole mpaka vinatoka damu. Gabro likilowa bado linashika. Lakini ndani ya gabro kuna mikanda ya basalti, punje zake ni ndogo sana, uso wake laini. Basalti likiwa kavu hakuna tatizo, likilowa mtu anaondoka. Wenyeji wa huku wanakufundisha kuitambua hiyo mikanda kwa rangi kabla hujajifunza kitu kingine.

Kwa hiyo ninachouliza mimi: je, mlikanyaga jiwe lilelile kweli? Kupanda gizani mlifuata mikono yenu, mikono inatafuta mipasuko na kingo. Kushuka mchana macho yalichagua, na macho yanapenda sehemu tambarare pana. Sehemu tambarare pana ndizo laini.

#17 Mwamba Hai
#16 nakuunga mkono nusu. Nimesoma jiolojia. Lava nyingi za Meru ni za jamii ya fonoliti, punje ndogo, kwa hiyo ziko karibu zaidi na hilo basalti lako kuliko gabro. Lakini angalia na kinachoota juu ya jiwe. Vile viraka vya kijivu na vyeusi vilivyokauka ni viumbe hai. Vikiwa vikavu vinakwaruza, vinasaidia hata. Vikinyonya maji kwa saa kadhaa vinavimba na kuwa laini. Saa tisa usiku mvua ilikuwa manyunyu ya muda mfupi, havijalowa mpaka ndani. Saa nne asubuhi vimekunywa usiku mzima. Kwa hiyo jiwe limebadilika, kinyume na anavyosema mleta mada.

#18 Fundi Saa
Hii ya #17 ndiyo ya kwanza inayojibu swali lilivyoulizwa.

#19 Mlinda Njia
Viraka vipo, lakini pale penye njia watu wamevikanyaga vimeisha. Jiwe la njiani ni tupu. Narudi kwenye majivu.

#20 Ngurumo
Mimi nafurahia tu kwamba mlima wenyewe ulilipuka ukakatika nusu, halafu tunagombania buti.

#21 Mwamba Hai
#20 haukulipuka tu ukakatika. Upande wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ndiyo maana kreta iko wazi kama kiatu cha farasi upande huo, na maziwa ya Momella yako kwenye mabonde ya kifusi kile. Ash Cone, mita 3,667, imekua baadaye ndani ya uwazi huo. Mlipuko wa mwisho unaojulikana ni wa 1910, mdogo, wa majivu.

#22 Ngurumo
Nimekusoma mwalimu. Na kilele ni mita ngapi? Kila bango lina namba yake.

#23 Fundi Saa
4,566 ndiyo iliyozoeleka. Vipimo vya karibuni vinasema 4,562. Mita nne hizo zisikuumize, mlima wa pili Tanzania ni huohuo.

#24 Ngurumo
Na wa kwanza kupanda ni Fritz Jaeger 1904, hilo halina ubishi.

#25 Mwamba Hai
Lina ubishi. Wengine wanampa Carl Uhlig, 1901. Na hao ni wa kwanza kuandikwa tu, Wameru walikuwa hapo muda wote.

#26 Msafiri wa Naivasha
Majirani hamjambo. Huku kwetu Kenya kuna mlima Longonot, mita 2,776, si refu kama Meru lakini ile ring ya juu ya kreta, kama kilomita 7.2, inafundisha mtu adabu wakati wa mvua. Majivu matupu. Maji yamechimba mitaro inayokuzidi kimo, unatembea ndani yake.

Mimi nataka kumpinga Mlinda Njia kwa heshima. Huku tukipanda wakati wa mvua soli inajaa tope kutoka getini, kabla hata hatujafika ukingoni. Kupanda bado ni rahisi. Tukishuka ndio watu wanakalia matope. Kama tope kwenye soli ndiyo sababu, mbona kupanda halitusumbui?

#27 Mlinda Njia
Jirani, Longonot tope liko juu ya tope. Meru ni tope juu ya jiwe. Vitu viwili.

#28 Fundi Saa
Lakini hata Meru, kutoka Saddle mpaka Rhino ni udongo na majivu vilevile. Soli zilikuwa zimejaa kabla ya kufika kwenye mwamba mara ya kwanza.

#29 Mlinda Njia
Siyo majivu yaleyale. Huko chini kuna mizizi na nyasi, buti linajifuta lenyewe. Nenda ukaone kijana.

#30 Kisongo Juu
Naomba niulize na hili. Mmoja wetu alikuwa na kamba, alitaka sote tujifunge pamoja kiunoni ndipo tuvuke. Mwongoza njia alikataa kabisa, jamaa akakasirika mpaka leo. Nani alikuwa sahihi?

#31 Mswahili wa Glasgow
Mwongoza njia. Kamba inayofunga watu sita bila kufungwa kwenye mwamba haimwokoi mtu, inawaondoa wote. Akianguka mmoja kwa kasi, wa pili hana pa kujishikilia, wa tatu ndiyo hivyo. Kamba ina kazi pale ambapo aliyesimama ameizungusha kwenye jiwe imara, yeye mwenyewe amekaa vizuri, na anayevuka ni mmoja tu. Ukijua kufanya hivyo, mwamba ule haukusumbui hata bila kamba.

#32 Shangazi wa Usa
Na mpatane na huyo rafiki. Alikuwa anawapenda, hakujua tu.

#33 Mganga wa Kata
Nirudi kidogo. Kisongo Juu, walioanguka walivaa nini?

#34 Kisongo Juu
Wawili jinzi. Wengine trakisuti na makoti ya mvua ya plastiki.

#35 Mganga wa Kata
Nilidhani hivyo. Pamba ikilowa inashika maji na haikupi joto lolote. Sufu na zile fulana za nyuzi za plastiki bado zinakupa. Mtu aliyevaa jinzi iliyolowa, kwenye upepo wa kilele chini ya sifuri, anashuka na vidole visivyohisi na miguu iliyokakamaa. Kabla hajaanza kutetemeka kwa nguvu tayari anakosea kuweka mguu, na yeye mwenyewe hajui. Yule binti alivaa nini?

#36 Kisongo Juu
Dah. Alikuwa na sweta la sufu la bibi yake na suruali nyepesi ya mazoezi. Tulimcheka getini Momella.

#37 Mzigo Mwepesi
Kwa hiyo aligeukia mwamba NA alikuwa na joto. Tutajuaje kilichomsaidia ni kipi?

#38 Fundi Saa
Hatutajua mpaka mtu ashuke kinyumenyume amevaa jinzi.

#39 Ukungu wa Asubuhi
Na kabla ya jua kutoka, ili aone barafu yangu.

#40 Ngurumo
Radi je? Tuko kwenye mgongo mrefu, mvua, fimbo za chuma mkononi, nyie mnaongelea sweta.

#41 Mlinda Njia
Ngurumo kwa jina na kwa mada. Ngurumo za Meru mara nyingi ni za mchana na jioni, ndiyo sababu mojawapo ya kuondoka usiku. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie mlio, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Zikiwa chache na zinapungua, toka mgongoni, shuka hata mita hamsini pembeni kama panashukika, weka fimbo mbali na wewe, msikusanyike pamoja. Usisubiri kupiga picha.

#42 Dada Mabuti
Mimi na mume wangu na majirani tunataka kwenda mwezi wa tatu mwishoni. Tutakuwa tumewahi masika au tumeingia ndani yake?

#43 Mlinda Njia
Mtakuwa ndani yake dada. Nendeni mwezi wa sita mpaka wa tisa kama mnataka mwamba mkavu. Mkilazimisha Machi, jioni mkifika Saddle pandeni Little Meru, kile kilele kidogo cha jirani, polepole ili mwili uzoee, na kesho yake usiku muulizeni askari wa hifadhi anaonaje wingu. Yeye anaongozana nanyi mwanzo mwisho kwa sababu ya nyati, na mlima anaujua kuliko simu yako.

#44 Dada Mabuti
Machi ndiyo likizo ya mume wangu. Tutaenda. Nitavaa buti jipya mguu mmoja na la zamani mguu wa pili, nimletee majibu yule wa #5.

#45 Mwamba Hai
Dada usifanye hivyo, tafadhali. Vaa mazuri yote mawili. Ukifika pale piga picha ya jiwe kwa karibu, penye njia na pembeni ya njia, nataka kumwonyesha Mlinda Njia vile viraka.

#46 Mlinda Njia
Na apige picha ya soli yake kabla ya kuvuka.